Mji wa Pont-Aven haukugunduliwa na Gauguin

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya ukurasa wa safari kuhusu mchoraji Paul Gauguin nimeisoma mpaka nukta ya mwisho, na mengi yaliyomo nimeyapenda. Mahali pamoja tu pameniuma: pale mwandishi aliposema kwamba Gauguin ndiye "aliyeugundua" mji mdogo wa Pont-Aven na kuutoa gizani. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, nimeolewa huku Bretagne, magharibi kabisa mwa Ufaransa, na riziki yangu naipata jikoni, kwenye mgahawa ulio karibu na daraja la mji huohuo. Walioupa mji huu jina nawasikia wakitajwa kila siku, na wengi wao hawakuwahi kushika brashi. Naomba nafasi niwaeleze wasomaji wenu.

Nianze na mto, maana bila mto hapa pasingekuwa na mji. Aven si mto mkubwa. Mtu wa Pangani akiletwa hapa atauliza huo mto wenyewe uko wapi. Lakini una mbio. Unateremka kutoka mashamba ya bara, na ukiingia mjini unabanwa katikati ya majabali ya matale, mengine makubwa kama chumba, yaliyosuguliwa na maji mpaka yakawa laini. Mojawapo wenyeji wanaliita kiatu cha Gargantua, lile jitu la hadithi, kwa sababu ya umbo lake. Juu ya daraja maji ni baridi na matamu. Ukishuka kidogo tu unafika gatini, na hapo maji ni ya chumvi. Bahari yenyewe iko kilomita kama 7 kusini, lakini inapanda mara mbili kwa siku kuja kuupokea mto. Siku za bamvua maji yanajaa mpaka karibu na kingo za gati. Yakishakupwa, mashua zinalala ubavu kwenye tope, na ndege wanatembea pale zilipokuwa zikielea. Mtu aliyekulia kwenye mlango wa mto haambiwi habari hizi mara mbili.

Mahali penye maji ya kasi juu na bahari chini, watu wa kale walikwisha kupajua thamani yake karne nyingi kabla ya mchoraji yeyote kuzaliwa. Maji ya kasi yanazungusha kinu, na bahari inaleta vyombo. Upo msemo wa hapa ambao kila mwenyeji anaujua: Pont-Aven mji wa sifa, vinu 14, nyumba 15. Wakulima wa jirani walileta ngano, rai, na ile ngano nyeusi ambayo mpaka leo ndiyo chakula cha Wabretoni. Nafaka ilisagwa, ikapakiwa mashuani. Ziliondoka pia mbao na mawe ya matale ya kujengea, zikaingia chumvi na mvinyo. Kwa hiyo wakati Paris hawajui hata kulitamka jina lake, mji huu ulikuwa na bandari yake, mafundi wake, na watu waliozoea kupokea wageni wanaokuja na upepo na kuondoka na upepo.

Kinu chenyewe nimekitazama kwa karibu, na kila nikikitazama namheshimu aliyekibuni. Mawe yanapangwa kuziba sehemu ya mto ili maji yapande kidogo, kisha yanachepushwa kwenye mfereji mwembamba unaopita ubavuni mwa nyumba. Kwenye mdomo wa mfereji pana ubao wa kupandisha na kushusha. Ukipandisha ubao, maji yanapiga mapezi ya gurudumu, gurudumu linazungusha mhimili unaopenya ukuta na kuingia ndani, na huko ndani, kwa njia ya meno ya mti, jiwe la juu linazunguka huku la chini limetulia. Nafaka inadondoka kidogo kidogo katika tundu la jiwe la juu na kutoka pembeni ikiwa unga. Msagaji hakuweza kulala usingizi mzito, kwa sababu nafaka ikikatika mawe yanasuguana yenyewe na kuharibika. Na mto ukifurika ilimpasa awahi ubao kabla maji hayajaling'oa gurudumu. Mafuriko huku si hadithi ya zamani: majira ya baridi ya mwaka 2000 mito ya kusini mwa Finistère, mkoa wetu huu, iliingia majumbani, na wazee wanaonyesha kwa mkono maji yalipofika.

Vinu vingi sasa vimekuwa nyumba za kuishi, maduka na mikahawa, na magurudumu yaliyobaki ni machache. Lakini ukifuata njia ya miguu iliyopewa jina la Xavier Grall, mshairi na mwandishi wa habari aliyeishi jirani na hapa mpaka alipofariki mwaka 1981, utaona kila kitu: mifereji, vijidaraja, bustani zinazogusa maji, na yale mawe bapa ambapo wanawake walipiga magoti kufua. Mimi hupita hapo asubuhi kabla ya kazi. Mlio wa maji ni mkubwa kiasi kwamba watu wawili wakitaka kuzungumza inabidi wasimame wakaribiane.

Sasa wachoraji. Reli ilipofika mji wa jirani wa Quimper mwaka 1863, ikipitia mji wa Quimperlé, safari kutoka Paris ikawa rahisi, na mwaka 1866 kundi la vijana wa Kimarekani waliokuwa wakisomea uchoraji likatua Pont-Aven. Miongoni mwao alikuwa Robert Wylie, kijana aliyekulia Philadelphia. Huyo aliupenda mji, akakaa, na akafia hapahapa mwaka 1877. Nyuma yao wakaja wengine, Waingereza kwa Wamarekani, wakakodi jumba la zamani la Lezaven walifanye karakana yao. Gauguin alipowasili Julai 1886 miaka 20 ilikuwa imeshapita. Alikuta wachoraji wamejaa kila kona ya mto. Alikuja kwa sababu alisikia kwamba maisha ni rahisi. Hapo ndipo wanapoingia watu ambao makala yenu haikuwataja hata mmoja, na wote ni wanawake.

Wa kwanza ni Julia Guillou. Alianza kama mtumishi wa hoteli. Alifua, alitandika vitanda, alibeba maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 akainunua Hoteli ya Wasafiri na kuiendesha mwenyewe, mwanamke asiye na mume, katika nchi ambayo wakati ule mke hakuwa na mamlaka juu ya mali bila idhini ya mumewe. Alikuwa na jicho la biashara. Aliona kwamba mchoraji anahitaji mwanga kabla ya kuhitaji godoro zuri, na karibu na mwaka 1900 alipojenga jumba jipya kwenye uwanja wa mji akaweka juu vyumba vya kazi vyenye madirisha makubwa. Akaona pia kwamba wageni wanataka bahari, akajenga nyumba nyingine Port-Manec'h, kwenye mlango wa mto. Alifariki mwaka 1927. Lile jumba la madirisha makubwa ndilo jumba la makumbusho la leo, lililofunguliwa upya mwaka 2016. Chini ya picha yenu mmeandika kwamba ni nyumba ya Gauguin. Sivyo. Ni jengo la Julia, kwa jasho la Julia.

Wa pili ni Marie-Jeanne Gloanec, na huyu ndiye nimpendaye zaidi. Nyumba yake ya wageni haikuwa ya fahari kama ya Julia. Wenye fedha walikwenda kwa Julia, wasionazo walikwenda kwa Marie-Jeanne. Kwa faranga 60 hivi kwa mwezi mtu alilala, akala na akanywa. Gauguin alipofika alikuwa mtu aliyefilisika. Alikuwa akifanya kazi ya hisa Paris, soko likaanguka mwaka 1882, akaiacha kazi hiyo akaamua kuishi kwa brashi. Mkewe Mette na watoto walio wengi walikuwa kwao mke, Copenhagen. Hizo faranga 60 hakuwa nazo. Marie-Jeanne akamlaza, akamlisha, akaandika kwenye daftari. Hakuwa peke yake aliyeandikwa humo. Mimi nipikaye najua maana ya kumpakulia mtu sahani ya pili hali ya kwanza bado hajailipa. Ni lazima uwe na moyo, na ni lazima pia uwe na hesabu nzuri ili jiko lisizime.

Wasomaji wenu waliopata kuona picha iitwayo Fête Gloanec watanielewa. Tarehe 15 Agosti 1888 ilikuwa sikukuu ya jina la Marie-Jeanne, na wachoraji wake wakaamua kila mmoja amletee picha ya kutundika kwenye chumba cha chakula. Gauguin akachora meza nyekundu ya mviringo, na juu yake matunda, maua na maandazi ya huku. Wenzake wa mtindo wa zamani hawakuipenda michoro yake na wasingekubali itundikwe, kwa hiyo akaitia sahihi ya jina la msichana, Madeleine B., yaani Madeleine Bernard, dada wa rafiki yake Émile Bernard, aliyekuwa na miaka 17. Picha ikatundikwa. Leo iko katika makumbusho ya Orléans. Kwangu mimi hiyo ndiyo picha inayoeleza mji huu kuliko zote, kwa sababu ni shukrani ya mgeni kwa mwenye nyumba.

Yuko na wa tatu, Marie Henry, wa kijiji cha pwani cha Le Pouldu, kisichofika kilomita 30 kutoka hapa. Mwaka 1889 Gauguin na rafiki zake walipoona Pont-Aven pamejaa mno walihamia kwenye kilabu chake kidogo cha kando ya bahari, wakachora kuta, milango na hata dari ya chumba cha kulia. Gauguin alipoondoka alimwachia Marie Henry picha kadhaa. Miaka ikapita, akaenda Tahiti mwaka 1891, akarudi, na mwaka 1894 akazitaka picha zake. Mama akakataa. Wakafikishana mahakamani, na Gauguin akashindwa. Watu wa hapa wakisimulia kisa hicho huwa upande wa Marie Henry, na mimi pia niko upande wake. Mtu aliyelala kwako na kula kwako, akakuachia vitu ukutani, asirudi baada ya miaka kukudai kana kwamba wewe ndiwe mdeni.

Nimeitaja Tahiti, na hapo sitaki kumung'unya maneno. Huko Gauguin aliishi na wasichana wadogo wa miaka 13 na 14, akawafanya wake. Hilo linajulikana na halifichwi tena hata na wanaozipenda picha zake. Uhodari wake wa rangi ninauona, na bado nataka wasomaji wenu walijue jambo hilo wanapoambiwa kwamba alikuwa shujaa aliyekwenda kutafuta uzuri.

Jambo jingine linahusu macho aliyowatazamia wenyeji. Mapema mwaka 1888 alimwandikia rafiki yake Schuffenecker kwamba anaipenda Bretagne kwa kuwa anaona humo ushenzi na ukale, na kwamba anapotembea na mitalawanda yake juu ya ardhi ya matale anausikia ule mlio mzito anaoutafuta katika uchoraji. Sehemu ya pili ya maneno hayo ni nzuri kweli, na mtu akitembea hapa atauelewa mlio huo. Sehemu ya kwanza sisi Waafrika tunaijua ladha yake. Watu aliowaona washenzi ni haohao waliojenga vinu vya maji, waliokuwa na bandari, waliomkopesha chakula. Na serikali ya nchi yao wenyewe iliwatazama kwa macho hayohayo. Bibi mmoja jirani yangu amenisimulia jinsi walivyokatazwa shuleni kusema Kibretoni. Mtoto aliyekamatwa akikisema alivikwa shingoni kitu kilichotundikwa kwa kamba, kipande cha mti au kiatu cha mbao, akabaki nacho mpaka amsikie mwenzake akikosea ampe yeye. Aliyekuwa nacho jioni ndiye aliyeadhibiwa. Wasomaji wenu wa Kenya waliosoma zamani hawana haja ya kuelezwa zaidi. Kibao cha namna hiyo wengine walikivaa. Huyo bibi hakuwafundisha wanawe lugha yake. Shule za Diwan, zinazofundisha kwa Kibretoni, zilianza mwaka 1977, na mjukuu wake amesoma huko. Sasa bibi na mjukuu wanaongea jikoni, na mama mtu aliye katikati yao anasikiliza tu.

Sasa nieleze ya kuona, maana mtu akifunga safari ya mbali hivi hatakuja kusikia kesi za madeni tu.

Kutoka mjini unapanda kwa kufuata mto, unaingia Bois d'Amour, Msitu wa Mapenzi. Ni msitu mdogo wa miti mirefu kando ya maji, na kinu kimoja kipo hapohapo ukingoni. Oktoba 1888 kijana Paul Sérusier, aliyetoka chuo cha uchoraji Paris, alikaa hapo na Gauguin kwa saa chache. Gauguin akamuuliza anauonaje mti ule; ni wa njano, basi weka njano, njano nzuri kuliko zote uliyonayo. Kile kivuli ni buluu, basi kitie buluu kabisa. Kilichotoka ni kijiubao cha sentimita 27 kwa 21 na nusu, chenye mabaka ya rangi. Ukikitazama kwa haraka huoni kitu. Ukikitazama ukiwa umesimama msituni unauona mto, miti, njia, na paa la kinu. Vijana wa Paris walipoonyeshwa wakakiita Talisman, yaani hirizi, na kundi zima la wachoraji likazaliwa hapo. Sasa kiko Musée d'Orsay. Jambo la ajabu ni kwamba wakati wa Oktoba rangi zile ziko kweli. Jua la jioni likipenya, majani ya miti yale yanawaka njano na maji yanakuwa buluu iliyokolea, na unajiuliza kwa nini watu walisema kijana yule amechora uongo.

Msitu ukikuacha unapanda kwenye mashamba mpaka kikanisa cha Trémalo. Ni cha karne ya 16, na paa lake upande mmoja linashuka mpaka karibu kugusa ardhi, kiasi kwamba mtoto anaweza kushika vigae. Ndani ni giza na kuna ubaridi. Juu ukutani umetundikwa msalaba wa mti wenye sanamu ya Kristo iliyopakwa rangi, mwili wa njano iliyopauka, mbavu zinahesabika. Huyo ndiye Kristo wa Njano aliyechorwa na Gauguin mwaka 1889. Picha iko Buffalo, Marekani. Sanamu iko hapa, mahali pake, bila kioo wala kamba ya kuwazuia watu. Tazameni pia mbao zinazobeba paa, pale zinapokutana na ukuta: fundi wa zamani amechonga vichwa vya watu na wanyama, vingine vinacheka, vingine vinatisha. Mimi si Mkristo, lakini kila mgeni anayenitembelea kutoka nyumbani nampeleka pale.

Mbele kidogo ni Nizon, zamani kijiji cha peke yake, ambacho kiliunganishwa na Pont-Aven katika miaka ya 1950. Pana mnara wa mawe wenye sanamu za mateso ya Yesu, umeota kuvu na vijimea vya mawe mpaka umekuwa kijani. Gauguin aliuchora, na picha iko Brussels. Kanisa la hapo ndilo alilotaka kulipa zawadi picha yake ya wanawake wa Kibretoni wanaomwona Yakobo akipigana na malaika, juu ya ardhi nyekundu. Walibeba picha yeye, Bernard na mchoraji mwenzao Charles Laval, wakaenda nayo kwa miguu, na paroko akaikataa. Leo iko Edinburgh. Tukihesabu basi: Buffalo, Brussels, Edinburgh, Orléans, Paris. Makumbusho ya Pont-Aven yana kazi nzuri za Bernard, Sérusier na wenzao, lakini zile kubwa za Gauguin ziko mbali. Anayekuja hapa anakuja kuona vitu vyenyewe vilivyochorwa, na hivyo havikuhama.

Habari za Bernard na Laval nazo zina makaburi ya kusikitisha, na yako barani kwetu. Bernard alikwenda kuishi Misri mwaka 1893. Laval, aliyekuwa amechumbia Madeleine, alifia Cairo mwaka 1894 kwa kifua kikuu. Madeleine naye, yule msichana ambaye jina lake lilitiwa kwenye picha ya Marie-Jeanne, alifia Cairo mwaka uliofuata. Sijaona mwongozo wa wageni unaolitaja hilo.

Wachoraji walipopungua mji haukufa. Mwimbaji Théodore Botrel, mzaliwa wa Dinan, alikuja kukaa hapa, na mwaka 1905 akaanzisha sikukuu ya maua ya ajonc, kile kichaka cha miiba chenye maua ya njano kinachofunika vilima vya Bretagne. Alifariki mwaka 1925 na amezikwa hapa. Sikukuu inaendelea kila Jumapili ya kwanza ya Agosti. Wasichana wanavaa vazi la bonde la Aven, kola pana ya lesi iliyotiwa wanga na kupigwa mikunjo mpaka inasimama mabegani yenyewe, na kofia nyeupe yenye utepe. Kupiga pasi kola moja ni kazi ya saa nyingi, na wanaoijua sawasawa wamebaki wachache. Nimesimama nyuma ya mmoja wao nikimtazama akipitisha vijiti vyembamba, kimoja juu kimoja chini, kutengeneza kila mkunjo, bila kusema neno.

Waokaji nao walishika la kwao: biskuti za unga, siagi ya chumvi, sukari na mayai, nyembamba na nene, ambazo sasa zinauzwa Ufaransa nzima ndani ya makopo yenye picha za wanawake wa Kibretoni. Mjini hapa watu hawafiki 3,000, lakini harufu ya siagi inakupokea kabla hujaona nyumba. Kuhusu chapati za ngano nyeusi ninazopika mimi, ni nyembamba na za rangi ya kahawia, zinamiminwa kwenye chuma cha moto na kusambazwa kwa kijiti, kisha unaweka yai, jibini na nyama. Kwa Mwislamu tunaweka uyoga au samaki, na tukiombwa tunatumia chuma kisichoguswa na nguruwe.

Mwenye siku ya pili ashuke na mto. Kuna Kerdruc upande mmoja na Rosbras upande wa pili, vijibandari viwili vinavyotazamana. Kabla ya hapo kuna Hénan, na hapo ndipo nilipopapenda kuliko pote, maana kuna kinu kinachoendeshwa na bahari. Maji yakijaa yanasukuma milango yenyewe na kuingia kwenye bwawa. Yakianza kukupwa milango inajifunga, bwawa linabaki limejaa, na msagaji anasubiri bahari ishuke ndipo afungulie maji yapige gurudumu. Kazi yake haikufuata jua, ilifuata mwezi. Wavuvi wetu wa Pangani wangempa mkono. Chini kabisa, Port-Manec'h, Aven inakutana na mto Bélon, kwenye chaza wanaosifiwa kote Ufaransa kwa sababu wanakaa pale maji matamu yanapochanganyika na ya chumvi. Na ndani ya wilaya ya Névez viko vijiji kama Kerascoët, nyumba za paa la nyasi, ambazo kuta zake ni mabamba ya matale yaliyosimamishwa wima kama mbao za ua.

Namna ya kufika: garimoshi la kasi kutoka stesheni ya Montparnasse, Paris, mpaka Quimperlé au Quimper, mwendo wa saa tatu na nusu hadi nne hivi, halafu basi. Wanaoishi Ulaya na kila likizo wanakwenda mnara uleule wa Paris wafikirie hilo. Agosti ni msongamano na vyumba ni ghali. Mei na Oktoba ni nafuu, na Oktoba ndiyo mwezi wa Sérusier. Chukueni koti la mvua mwezi wowote. Nyumba ya Marie-Jeanne bado imesimama pale uwanjani, sasa ni duka la vitabu na magazeti, na ukutani pana kibao cha kumbukumbu. Usipokuwa makini unaipita.

Mhariri, mkimtuma mwandishi wenu aje siku za bamvua, nitamtembeza mwenyewe kuanzia vinuni mpaka Hénan, na chakula kitakuwa juu yangu.

Msomaji wenu,
Mzaliwa wa Pangani,
Pont-Aven, Ufaransa